Mpira wa gari huchaguliwa kwa udongo, si kwa macho

Siku hizi ukisimama kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, pikapu utaisikia kabla hujaiona. Kinachovuma si injini, ni mipira. Meno makubwa ya matairi ya matope yakipiga lami hutoa mlio kama wa nyuki waliochokozwa mzingani. Gari likishakupita utaona jinsi lilivyoinuliwa na kung'arishwa, na tope huoni hata chembe. Mwenyewe ni kijana wa mjini. Udongo anaoukanyaga ni ule wa kuegeshea gari mbele ya msikiti siku ya Ijumaa, au penye harusi.

Sina ugomvi na vijana, wala sina ugomvi na mapambo. Sisi watu wa pwani tangu hapo ni watu wa kupamba. Mababu zetu walitia nakshi milango, wakachora macho kwenye omo za vyombo vyao. Lakini hakuna nahodha aliyechagua tanga kwa sababu lapendeza. Palikuwa na tanga kubwa la pepo za kiasi na tanga dogo la pepo kali, na aliyetweka lisilostahili alijuta yeye na abiria wake. Basi ninalotaka kulisema leo ni hili: mpira wa gari ni tanga, si nakshi. Na tunapouchagua kwa macho tunayatia hatarini maisha ya watu waliopanda nyuma.

Kwa wale ambao hawajapata kuinama wakatazama ubavu wa tairi, nieleze kidogo. Matairi ya pikapu yanayouzwa madukani aghalabu ni ya namna tatu. Kuna ya lami, yenye mifereji myembamba na uso laini. Kuna yaliyopigwa herufi A/T, nayo ni ya ardhi zote: meno yake ni ya wastani, yamekaribiana, na juu ya kila jino mna mikato midogo midogo. Kisha kuna yaliyopigwa herufi M/T, na haya ndiyo ya matope: meno mapana kama matofali, yaliyoachana, na mengine yameshuka hadi ubavuni. Tairi la matope likiwa jipya huwa na meno ya kina cha milimita 14 hivi au zaidi. La ardhi zote aghalabu huwa kati ya milimita 10 na 13.

Ubishi ulioko mabarazani ni juu ya haya mawili ya mwisho. Mmoja atasema mwanamume ni wa M/T, haya mengine ni ya walimu na makarani. Mwingine atasema M/T ni kula mafuta na kupigiwa kelele bure. Wote wawili hubishana kana kwamba tairi lina ubora wake lenyewe, popote lilipo. Sivyo. Ubora wa tairi uko chini yake, katika udongo.

TOPE SI MCHANGA

Tope la mfinyanzi hunata. Likiingia katika mifereji ya tairi huganda humo, na baada ya mizunguko michache meno hayaonekani tena. Tairi limekuwa laini kama yai, na huteleza kama yai. Tairi la matope limeundwa kwa ajili ya adui huyo. Zile nafasi kubwa baina ya meno zina kazi mbili: kuuma tope mpaka lifikiwe tabaka lililo gumu chini yake, na kulitema tope nje gurudumu linapozunguka. Ndiyo maana dereva aliyezoea humkuti akikanyaga mafuta kwa woga mno katika tope. Huliacha gurudumu lizunguke kiasi, lijisafishe, lipate kuuma tena.

Mchanga ni mambo mengine kabisa. Mchanga haunati, na chini yake hakuna sakafu ngumu ya karibu. Ukiuchimba unazidi kushuka. Kinachotakiwa mchangani ni tairi kutandaa na kwenda juu juu, kama unyayo wa ngamia. Meno makubwa yakizunguka kwa nguvu mchangani huwa ni majembe, na kufumba na kufumbua gari limekalia difu. Dawa ya mchanga si meno, ni kupunguza upepo. Tairi la pauni 35 lishushwe hadi 20 au 18, gari liende polepole bila kukata kona kwa ghafla, kisha upepo ujazwe tena kabla ya kurudi barabarani. Tairi lenye upepo mdogo likienda kasi juu ya lami hupata moto mpaka likapasuka.

Sasa tujiulize, pwani yetu ni ya udongo gani? Ukitoka baharini wakutana na mchanga mweupe. Kisha waja mwamba wa matumbawe, wenye ncha zinazokata ubavu wa tairi kama kisu. Ukipanda juu kule Magarini ni kichanga chekundu. Na ukifika kwenye mabonde ya Mto Tana, hapo ndipo penye mfinyanzi mweusi wenyewe, ule ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu, na masika hugeuka kuwa gundi.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya njia zetu za pwani si mahali pa tairi la matope. Mchangani litakuchimbia shimo. Kwenye matumbawe unachohitaji ni ubavu mgumu, na ubavu mgumu waweza kuupata katika A/T pia, maadamu umechagua lile lililoandikwa LT mwanzoni mwa kipimo chake, maana yake tairi la magari ya mizigo midogo. Halifanani na tairi la gari la familia hata kama kimo na upana wake ni sawa. Watu wengi hununua wakitazama kipimo tu, 265/65R17 kwa 265/65R17, kisha hushangaa kwa nini limepasuka ubavu kwenye jiwe dogo huku nyuma mmepakiwa magunia kumi ya nazi.

LAMI IMEKUJA, AKILI ZIKABAKI NJIANI

Mimi nimeendesha pikapu baina ya Malindi na Witu kwa zaidi ya miaka ishirini, nikichukua maembe na nazi. Naikumbuka barabara ya Garsen kwenda Lamu ilivyokuwa. Masika yakiingia, basi liliweza kulala njiani siku mbili au tatu, watu wakaota moto kandoni na kugawana mkate. Wakati huo aliyetia matairi ya matope hakuwa na haja ya kujieleza kwa mtu. Lakini barabara ile, kilomita 135 hivi kutoka Garsen kupitia Witu, mwanzoni mwa miaka ya 2020 ilikuwa imeshatiwa lami. Leo mtu apakia mizigo Mokowe na kufika Mombasa bila tope kumgusa, kukiwa hakuna mafuriko.

Hesabu ya safari imegeuka, ila sisi bado twanunua mipira ya barabara ya zamani. Mtu akiniambia kwamba baba yake alitumia matairi ya matope njia hiyo hiyo, namjibu kwamba baba yake hakuipita njia hiyo. Alipita tope lililokuwa chini ya lami hii.

Na lami ina adui wake. Gari zima, na watu wake, na mzigo wake, hushikwa na vipande vinne tu vya mpira, kila kimoja hakizidi sana mkono uliokunjuliwa. Kinachoshika lami ni mpira unaoigusa, si nafasi tupu zilizo baina ya meno. Tairi la matope lina nafasi tupu nyingi na mpira mchache. Tena meno yake mengi hayana ile mikato midogo inayouma uso uliolowa. Mvua ya mwezi wa Mei inapoinyesha lami, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi huku kwetu, gari lenye M/T hukawia kusimama kuliko lenye A/T nzuri. Mtoto akikatiza njia, huko kukawia ndiko kunakohesabiwa.

Hatari kubwa zaidi ni desturi ya kuchanganya. Pikapu zetu nyingi huvuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Basi mwenyewe, kwa kubana fedha, hununua M/T mbili akazitia nyuma, na mbele akaacha ya lami. Katika tope husaidia, sikatai. Lakini kwenye lami iliyolowa, kwenye kona, mbele hushika na nyuma haishiki. Mkia wa gari huteleza ukataka kutangulia kichwa, na ukishaanza, dereva wa kawaida hana la kufanya. Na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne ndilo lisilotaka kuchanganywa hata kidogo: matairi ya vimo mbalimbali huzisokota shafti na kuzila gia zake.

Siyataji mafuta yanayoliwa zaidi, wala kelele, wala meno yanayolika upande upande. Hayo ni ya mfuko wa mtu, naye ndiye ajuaye. Lakini mfuko nao una haki yake. Tulikuwa na kiwanda chetu cha matairi Nairobi, kilichoanzishwa na Firestone mnamo 1969 na baadaye kikawa cha Sameer Africa, kikitoa yale matairi ya Yana. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2016. Tairi linaloshushwa Kilindini tunalipa kwa thamani ya dola, na shilingi ikiteleza bei hupanda. Kulimaliza tairi la namna hiyo kwa kulisaga juu ya lami ili watu wageuke kutazama, kwa maoni yangu, ni israfu.

Muuzaji naye umsikilize kwa sikio moja. Dukani mmoja alitaka kunilipisha zaidi kwa sababu tairi lake lilikuwa na alama ya mlima wenye kitu kama ua katikati. Nikamwambia lile si ua, ni theluji. Alama hiyo huonyesha kwamba tairi limejaribiwa likashika kwenye theluji, na tangu kuzaliwa sijasikia theluji ikianguka Gongoni. Alama iliyo na faida kwetu ni nyingine: tarakimu nne ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Ukikuta 2319, tairi hilo limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni, na katika joto letu huzeeka upesi. Tairi lenye meno mapya na miaka minane ni mzee aliyetiwa hina.

WENYE HAKI YA TOPE

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa: "Wewe wasema lami, sisi kwetu lami haijafika. Na hata ikifika, siku moja ya kukwama yatosha kumtia mtu hasara ya mwaka."

Jawabu la kwanza ni kwamba kukwama ni udhia, lakini mara nyingi si msiba. Mwenye A/T akijua kazi yake hutoka katika tope la wastani. Hupunguza upepo kiasi, hutia makuti au makumbi ya nazi chini ya magurudumu, hubeba jembe na kamba, na watu wakashuka wakasukuma. Kusukuma gari la mwenzio ni katika ada zetu njema, na sijaona msafiri wa njia ya Garsen aliyepita akamwacha mwingine amezama. Kuteleza juu ya lami kwa mwendo wa kilomita 90 hakuna wa kukusukuma. Basi anayekaa na tairi la hatari siku mia tatu kwa ajili ya siku tano za tope hajafanya hesabu vizuri.

Jawabu la pili ni kwamba maji si tope. Mwishoni mwa 2023, mvua za El Nino zilipoufurisha Mto Tana, mafuriko yaliikata barabara hiyo hiyo ya lami upande wa Lango la Simba. Wako waliodhani kwamba gari refu lenye meno makubwa litavuka. Maji yanayokwenda kasi yakifika kina cha futi mbili huweza kuibeba pikapu, na hapo tairi haligusi kitu cha kuuma. Hakuna duka linalouza mpira wa kuvukia mafuriko. Dawa yake ni kungoja.

Lakini nakiri, na hapa ndipo maneno yangu yanapokaza, kwamba wako watu wenye haki kamili ya tairi la matope. Hao ni wale waishio ndani ya mfinyanzi wenyewe, katika vijiji vya bonde la Tana vilivyo mbali na lami, ambako masika yakianza njia huwa ni mfereji wa tope kwa wiki nzima nzima. Huko mara nyingi pikapu ni moja, na pikapu hiyo hiyo ndiyo lori la maembe, ndiyo basi la sokoni, na ndiyo gari la wagonjwa. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku wa mvua, mlango unaogongwa ni wa mwenye pikapu. Hakuna anayeuliza kama tairi zake zimebaki meno. Twasema tu, "Ami, twakuomba," naye huamka.

Mtu huyo atie M/T magurudumu yote manne, na asichekwe. Kwake tope si la siku tano. Hata hivyo ajue kwamba safari yake ina sehemu mbili: kilomita chache za tope kisha nyingi za lami hadi hospitalini. Tairi lililomtoa kijijini ni lile lile litakalomchelewesha kusimama akifika penye magari. Akishapanda lami apunguze mwendo, hata kama mgonjwa anaugua na jamaa zake wanamhimiza. Kumfikisha mtu kwa kuchelewa dakika kumi ni bora kuliko kutomfikisha.

Na hapa nina neno na sisi tunaobebwa. Seti ya matairi manne ya matope kwa mkulima wa maembe ni fedha nyingi. Twajua kuchanga. Harusi twachanga. Msiba ukitokea hatungoji kuombwa: sanda, gari, chakula cha waliokuja kuzika, vyote hupatikana kabla ya adhuhuri. Mbona hatuchangi kumfikisha mtu hospitalini angali hai? Mwenye pikapu huamshwa usiku, huharibu gari lake katika tope, hutumia dizeli yake, na asubuhi hupewa shukrani. Shukrani ni njema, lakini haijazi upepo.

Nadhani kijiji chenye pikapu moja kingekaa kitako kabla ya masika kikaihesabu mipira ya gari hilo kama kinavyohesabu ndoo za kisimani. Kila nyumba itoe kidogo. Mwenye gari naye aahidi mbele ya wazee kwamba usiku wa mgonjwa hatatoza nauli. Seti hiyo iwekwe, ifungwe mvua inapoanza, na kiangazi ivuliwe irudi stoo mahali penye kivuli, gari livae A/T zake za kazi. Kubadili matairi manne kwa fundi wa pancha ni kazi isiyofika hata nusu ya siku, na kama seti hiyo ina rimu zake yenyewe, ni kazi ya jeki na spana. Kwa njia hiyo tairi la matope halisagwi na lami, na hudumu masika mengi.

Ama wewe kijana wa mjini mwenye gari lililoinuliwa, sikukatazi. Mali ni yako. Lakini kabla ya kununua, chukua karatasi uandike njia ulizopita mwezi uliopita, na udongo wa kila njia. Kama karatasi imejaa lami na mchanga, chukua A/T yenye ubavu wa LT, tazama tarakimu zake nne, na fedha itakayobaki nunua kipimo cha upepo, kwani wenye pikapu wengi niwajuao hawana. Meno yakilika hadi kufikia vile vituta vidogo vilivyomo ndani ya mifereji, ambavyo vimewekwa kwenye milimita 1.6, ujue tairi limekwisha. Usingoje kipara.

Na kama una jamaa kule bondeni, basi piga simu leo umuulize mwenye pikapu wa kijiji mipira yake ikoje. Masika hayako mbali, na mchango wa tairi moja huanza na mtu mmoja.